TAHADHARI: Kishoka wa maandiko ya utafiti anayejiita "Daktari", wanafunzi wa uzamili Dar kuweni macho

Ndugu zangu mnaosoma uzamili hapa Dar, hasa sisi wa masomo ya jioni, naomba msome hii kabla hamjamtumia hela mtu yeyote anayeahidi kukuandikia pendekezo la utafiti "sura ya kwanza hadi ya tatu, siku kumi".

Nimepigwa Sh 390,000. Naisema wazi kwa sababu najua wapo walioliwa zaidi na wamenyamaza.

Namba yake iliwekwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa letu. Tulikutana mara moja tu, kwenye mgahawa karibu na kituo cha Simu 2000, Sinza. Kijana nadhifu, kompyuta mpakato mezani, anataja wahadhiri kama anayetaja majirani zake. Akanifungulia maandiko ya wanafunzi wengine ili nione ubora wa kazi yake. Nilivutiwa. Laiti ningejiuliza palepale: huyu anayenionyesha kazi za wenzangu, yangu atamwonyesha nani?

Tukakubaliana Sh 450,000. Nikamtumia 250,000 kwa simu usiku uleule. Baada ya wiki akadai 60,000 ya kupitisha kazi Turnitin, ule mfumo wa kupima kama kazi imenakiliwa, kisha 80,000 ya "mtakwimu". Kila akidai, anadai saa ambayo uko kazini na huna nafasi ya kufikiri. Na jina linalotokea kwenye muamala kila mara lilikuwa la mtu mwingine. Faili lilikuja siku ya 18, kurasa 41, Kiingereza kimenyooka. Nikalipeleka kwa msimamizi wangu.

Aliniita ofisini, akafungua sura ya tatu, akaniuliza kwa upole, "Dada, Kaunti ya Temeke iko nchi gani?"

Sisi tuna mkoa, wilaya, kata na mtaa. Kaunti ni za Kenya. Aya iliyofuata ilisema nitaomba kibali cha NACOSTI, ambayo ni tume ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti. Kwetu kuna COSTECH, ipo Sayansi pale Kijitonyama, na mimi hupita mbele yake kila siku nikienda kazini. Yaani kijana alichukua tasnifu ya mtu wa Kenya, akabadilisha majina ya mahali, mengine akayasahau.

Kilichoniumiza zaidi ni sampuli, yaani idadi ya watu wa kuhojiwa. Mada yangu ilihusu mikopo ya simu na biashara za mama lishe, na orodha niliyompa, niliyoipata kwa viongozi wa soko, ilikuwa na watu 240. Andiko likasema nitahoji watu 398. Msimamizi akauliza, hao 158 waliozidi nitawatoa wapi? Kisha akachukua karatasi na kunionyesha kanuni ya Yamane ya mwaka 1967 ya kukokotoa sampuli: idadi ya watu unaigawa kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kiwango cha kosa kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa kosa la asilimia 5, watu 240 unawagawa kwa 1.6, unapata 150. Dakika mbili. Hiyo 398 huipati mpaka uwe na watu kama 79,600. Na hesabu hiyo ndiyo niliyolipia 80,000 ya mtakwimu.

Marejeo nayo: nilikaa usiku nikayatafuta moja moja. Baadhi yalikuwa na majina ya watafiti wa kweli, jarida la kweli, lakini makala yenyewe haipo popote. Ukinakili namba yake ya DOI, ile ya kuitambulisha makala mtandaoni, ukaiweka kwenye tovuti ya doi.org, ama haifunguki ama inakupeleka kwenye makala ya jambo jingine kabisa. Fanyeni kipimo hiki kwa marejeo matano tu ya kazi yoyote mnayopewa. Kinatosha.

Hata hiyo Turnitin aliyonitoza ni hatari. Mtu akipitisha kazi yako kwa akaunti asiyokwambia ni ya nani, na mfumo ukaihifadhi kwenye ghala lake, siku chuo chako kikiipima itaonekana inafanana na kazi iliyokwishawasilishwa. Utajitetea vipi?

Nilipodai hela yangu, ndipo akavua ngozi ya kondoo. Akaniambia nimalizie Sh 200,000 iliyobaki, la sivyo atapeleka mazungumzo yetu idarani waone kwamba nilinunua andiko. Mtaji wake ni aibu yetu. Nililia. Siku ya pili nikaenda mwenyewe kwa msimamizi, nikamweleza yote kabla hajaelezwa na mtu. Alinikaripia, na alikuwa na haki, kwa sababu kumwandikisha mtu kazi yako ya masomo ni kosa, na kosa hilo ni langu. Lakini tangu siku hiyo kishoka hana cha kunitishia.

Sisemi kila anayegusa kazi yako ni tapeli. Wapo watu wa steshenari wanaopangilia kurasa na kutengeneza jedwali la yaliyomo kwa bei ya haki, na wapo wanaohariri lugha kwa uaminifu. Hao huwezi kuwalinganisha na mtu anayekuchagulia hata mada.

Kama umeshaingia mkenge, usifute chochote. Tunza jumbe za miamala, sauti zake na faili lenyewe kama lilivyokuja. Ujumbe wa kitapeli na namba ya aliyeutuma vinaripotiwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Polisi nenda pia, kwa kuwa utapeli wa mtandaoni na vitisho vya namna hii vina sheria, ile ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mimi nilikwenda, wakachukua maelezo yangu bila kunidharau.

Andiko naliandika upya kwa mkono wangu. Jumamosi iliyopita nilishinda sokoni, na akina mama sita kati ya wanane niliozungumza nao wakaniambia hawakopi kwenye simu, wanakopa kikoba au wanachukua mchele kwa muuzaji wa jumla na kulipa jioni. Msimamizi aliposikia hivyo akasema hapo ndipo penye pengo la utafiti, nianzie hapo.

Aliyewahi kumlipa mtu anayejiita "Daktari", anayependa kukutana Sinza na kubadilisha laini kila baada ya wiki chache, aniandikie faragha. Mpaka sasa tupo watatu, na wawili kati yetu tuliuziwa sura ya pili ileile.