Utulivu au kelele kidogo: kipi huisaidia hisi iliyodhoofu?

Bibi yangu wa Mbagala ana kisukari, na nyayo zake zimekufa ganzi. Akitembea hutazama chini kila hatua. Kwa ajili yake nimelinganisha njia mbili.

Ya kwanza ni utulivu: zima feni, funga dirisha, ondoa kinachosumbua. Kwa sikio zima linalomsikiliza mtu anayenong'ona, hiyo inatosha. Lakini utulivu hauipi ishara nguvu. Mguso ulio chini ya kizingiti cha neva, yaani kiwango kinachotosha kuiamsha, unabaki huko huko chini.

Ya pili ni kuongeza kelele kidogo, yaani mtetemo mdogo usio na mpangilio. Inashangaza, lakini ni kweli. Fikiria ndoo iliyojaa maji karibu na ukingo: ukiitikisa kidogo tu, yanamwagika. Vivyo hivyo kelele huiinua ishara dhaifu mpaka neva iamke. Mwaka 1996 mtafiti James Collins na wenzake, nchini Marekani, walilionyesha hilo kwa mguso wa vidole. Mwaka 2003 wakaonyesha kwamba soli zenye mtetemo mdogo mno, ambao mvaaji hata hauhisi, ziliwapunguzia wazee kuyumba wanaposimama.

Kipimo ndicho kila kitu. Kelele ya Kariakoo saa sita mchana, honi za bodaboda na spika za wauzaji, huizamisha ishara kabisa.

Kwa sikio zima ningechagua utulivu. Kwa nyayo za bibi, mtetemo, bila kusita. Kwa sasa namshika mkono tunapovuka barabara.