Fundi wa nyaya za mtandao, saiti ya Madale: kazi safi, simu hapokei

Nilipompigia kwa mara ya kwanza, hakuuliza nyumba ina vyumba vingapi wala bajeti yangu. Aliuliza, "Mama, ripu mmeshapiga?" Nikamwambia bado, ndiyo kwanza tumemaliza kupaua. Akasema anakuja Jumamosi. Akaja Jumatatu. Mumeielewa tabia yake, sasa niwaeleze kazi.

Ni kijana mwenye kijiduka cha kamera Kariakoo, na pembeni anachukua kazi za majumbani. Mimi nilihitaji mtandao wa uhakika kwa sababu natunza hesabu za maduka ya watu nikiwa nyumbani, na tarehe 20 ya mwezi, siku ya mwisho ya ritani za VAT, haina huruma na mtu ambaye Wi-Fi yake inashika sebuleni tu.

Siku ya kwanza hakuja na waya hata mmoja. Alikuja na chaki na futi kamba, akazunguka na fundi wetu wa umeme chumba hadi chumba akiweka alama. Hapo ndipo walipokwaruzana. Fundi umeme, mtu mzima, aliona ujinga kuongeza mabomba wakati yake yana nafasi. Si waya wa intaneti upite humohumo? Kijana akamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, wewe una volti 230 humo ndani. Langu liwe peke yake." Akalipeleka bomba lake kama sentimita 30 kutoka la umeme, na yanapokutana yakatane kama msalaba, yasiende sambamba. Sababu ni mbili: usalama, na umeme kuingilia mawimbi ya data.

Alichonifungua macho ni kuhusu kuta. Zetu ni tofali za saruji za inchi sita, ripu pande zote. Mawimbi ya gigahezi 5, yale yenye kasi, yakipita kuta mbili za namna hiyo yanabaki mabaki. Kwa hiyo ruta moja yenye antena nyingi, hata iwe ya bei gani, haitafika chumbani kwangu cha kazi. Aliweka visambazaji viwili vya Wi-Fi darini, kimoja sebuleni na kingine koridoni, kila kimoja na waya wake unaopeleka data na umeme kwa pamoja. Kompyuta yangu ikapata tundu lake ukutani. Bei ya ufundi ilikuwa shilingi 15,000 kwa pointi, vifaa juu yangu.

Kwenye vifaa ndiko alikopata nyota zake kwangu. Boksi la Cat6, yaani waya wa mtandao, la mita 305 Kariakoo utalikuta kwa bei mbili zinazotofautiana sana, na karatasi ya nje inasema kitu kilekile. Alichukua wembe akakwangua uzi mmoja mbele yangu na mbele ya muuzaji. Ukabaki mweupe: alumini iliyopakwa shaba. Tukaenda duka jingine, huko ukakwanguliwa ukabaki mwekundu mpaka ndani. Ile alumini hukatika ukiipinda, na umeme unaopita humo unapungua njiani. Ndiyo maana kamera za watu zilizoko mwisho wa ukuta zinazimika usiku, taa zake zinapowaka na kudai umeme zaidi. Nje, kwenye kamera zetu mbili, alitumia waya mweusi wa kuhimili jua.

Halafu kuna mabomba matupu. Moja linatoka ukuta wa barabarani hadi kwenye kabati la koridoni, likisubiri faiba, maana nguzo zake mtaani kwetu hazijafika na kwa sasa natumia ruta ya laini ya simu. Jingine limepita ardhini hadi getini. Kila moja lina kamba ya nailoni ndani ya kuvutia waya baadaye, kona zake ni za mviringo, na midomo kaiziba sisimizi wasifanye makazi. Mume wangu alilalamika tunalipia hewa. Niliacha alalamike.

Alijaribu pia kuniuzia swichi za kuwasha taa kwa simu. Sikununua, kidole changu kinatosha. Ila nilikubali ushauri wake mmoja: fundi umeme ashushe nyutro, waya wa kurudisha umeme, kwenye kila boksi la swichi. Huku kwetu swichi nyingi huletewa waya wa moto tu, na hizo za kisasa mara nyingi hudai nyutro. Kabla ya ripu ni waya kidogo. Baada ya ripu ni tindo, vumbi na rangi upya.

Kabla mafundi ripu hawajaingia, alipiga picha kila ukuta, futi kamba ikiwa imewekwa ili vipimo vionekane, akanitumia WhatsApp. Nimezichapisha ziko kwenye faili la nyumba. Fundi wa makabati ya jikoni alipotaka kutoboa ukuta, picha ndiyo iliyomsogeza.

Mabaya sasa. Akishapokea malipo ya awali, simu yake inaita mpaka inachoka. Maungio ya kamera mbili za nje hakuyaziba vizuri; masika yalipoanza pini zikaota kutu na picha ikawa inakatika. Alirudi akabadilisha bila kudai hela, lakini nilimsaka kwelikweli. Na kabati alilifunga bila tundu la hewa, kwa joto hili la Dar! Ruta na kiyupiesi chake, kile cha betri ya kushika umeme ukikatika, vikawa vinachemka, ikabidi seremala atoboe.

Nampa nyota nne. Ukimchukua, mkubaliane kwa maandishi kwamba sehemu ya mwisho ya malipo inatoka baada ya kupima kila tundu mbele yako, kisha shika hela hiyo kwa mikono miwili. Na dai risiti mapema. Ya vifaa alinipa siku hiyohiyo. Ya ufundi, mimi mtunza hesabu, mpaka leo naidai.