Uzoefu wangu: Nilivyoondoa choki na kufunga balasti ya elektroniki

Taa ya chumba ninachofanyia kazi ina tyubu mbili za futi nne, kila moja wati 36. Kwa wiki kadhaa tyubu ya kushoto ilikuwa ikipepesa na kuvuma, nami nikakimbilia kununua tyubu mpya, ambayo nayo ilipepesa vilevile. Ndipo nilipobadilishana nafasi za tyubu zote mbili, kisha nafasi za stata zao (vifaa vidogo vinavyosaidia tyubu kuwaka), na hitilafu ikabaki palepale kushoto, kwa hiyo kosa halikuwa la tyubu wala la stata. Jaribio hilo halikunigharimu chochote, na ningelianza nalo lingeniepusha na ununuzi usio wa lazima.

Nilizima swichi kuu, nikahakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme, nikafungua mfuniko. Choki ya upande huo, yaani koili inayodhibiti umeme unaoingia kwenye tyubu, ilikuwa imegeuka rangi, ganda la waya zake limekauka kiasi cha kumeguka vidoleni, na harufu ya vanishi iliyoungua ilikuwa bado ipo.

Badala ya choki nyingine, nilichagua balasti moja ya elektroniki, kifaa kinachofanya kazi ya choki kwa njia ya elektroniki, inayoendesha tyubu mbili za wati 36, nikiwa nimelinganisha kwanza volti zake na za umeme wa nyumba. Choki zote mbili na stata zake ziliondoka kabisa, kwa kuwa balasti ya namna hii haihitaji stata, na waya zikafungwa upya kwa kufuata mchoro uliochapishwa mgongoni mwake. Mchoro wenyewe ni sahihi, ila maandishi yake ni madogo mno, na hilo ni kasoro ya kweli kwa kifaa kinachofungwa na mtu aliyesimama juu ya ngazi. Tyubu moja ilikataa kuwaka mwanzoni kwa sababu waya mmoja haukuwa umeingia vizuri kwenye kishikizo.

Sasa taa huwaka papo hapo, bila mvumo. Choki ilipeleka umeme kwenye tyubu kwa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde) zilezile za nyumbani, hivyo mwanga ukapepea mara 100 kwa sekunde, ilhali balasti ya elektroniki hufanya kazi juu ya hezi 20,000, na macho yangu yamepumzika kwelikweli. Hata hivyo, choki huvumilia umeme unaopanda ghafla kuliko kifaa hiki, kwa hiyo penye umeme usiotulia ningefunga kwanza kilinda umeme ndipo nikinunue.