Zambezi haina lawama, wenye boti wanayo

Niseme mapema kwamba mto haukunikosea. Anayeshuka kwa boti ya mpira Korongo la Batoka, chini ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria), anajua anakokwenda: kuta nyeusi za basalti zimesimama pande zote mbili, Zambia huku na Zimbabwe kule, na maji yaliyotandaa kwa zaidi ya kilomita 1.7 pale juu yanalazimika kujipenyeza kwenye mfereji mwembamba. Nilikwenda mwishoni mwa mwaka, mto ulipokuwa umepungua na miamba yake kuyachafua maji zaidi, na hilo nilikuwa nimelikubali.

Nisichokikubali hadi leo ni jaketi la kuokolea maisha nililopewa. Bizimu ya kifuani ilikuwa imevunjika jino moja, na mahali pake pamefungwa kamba ya nailoni iliyochakaa. Nilipoomba jingine, msimamizi wa kampuni, bila hata kuinua macho kwenye karatasi zake, alinijibu kwamba mwoga abaki juu apige picha. Mbele ya wageni wote! Mtu mzima niliyelipa kwa dola na kutia saini fomu ya kuwaondolea dhima, naambiwa hivyo kwa kutaka bizimu inayofunga. Saa ile ningemshauri kila mtu asikanyage pale.

Hata hivyo, nitakuwa dhalimu nikimnyima haki yake nahodha wetu. Yeye ndiye aliyenitafutia jaketi zima, akaikaza mikanda mwenyewe hadi nikapumua kwa shida, na boti ilipopinduka kwenye mkondo namba 7, maana mikondo mikali ya korongo huitwa kwa namba, alikwisha kunishika mabegani kabla sijajua juu ni wapi. Penye namba 9, ambapo wageni huteremshwa wakapita kwa miguu juu ya miamba kwa sababu ya ukali wa maji, hakuondoka mpaka wa mwisho wetu alipovuka. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kuisifu safari nzima.

Lakini tulipomaliza kuupanda ukuta wa korongo, magoti yakitetemeka, nililiona lile jaketi bovu limetupwa kwenye rundo la kesho yake, na kamba ileile. Nilimwonyesha msimamizi. Akasema halijawahi kumzamisha mtu. Basi sifa zangu nimezifuta, isipokuwa za nahodha. Na atakayekwenda avute kila bizimu kwa mkono wake kabla ya kushuka, isiyoshika aikatae hata kama boti itamwacha.