Krepu za Langoni: nyeupe nunua, nyekundu ivute kwanza

Mtoto wa ndugu yangu aliolewa mwezi uliopita, na maua ya jukwaa niliachiwa mimi. Alitaka mawaridi mekundu 60 na asumini nyeupe za kuning'inia nyuma ya kiti. Asumini za kweli tulimtungia kikuba, kile kishada cha kujipamba, lakini kwa joto letu la Lamu ua likichumwa asubuhi jioni limeshalala, na jukwaa lilikuwa lisimame siku tatu. Nikateremka mtaa wa Langoni, duka moja la vifaa vya shule na mapambo, nikanunua karatasi za krepu, zile zenye mikunjo midogo midogo inayovutika, roli sita: nyekundu tatu, nyeupe mbili, kijani moja. Shilingi 60 kila roli.

Kipimo chao ni cha haki. Roli imeandikwa sentimita 50 kwa mita 2, nami niliipima kwa futi ya fundi cherehani, ikatimia. Roli moja imenitolea mawaridi 22, kila ua petali 12. Nyeupe ni nzuri kabisa: nyororo, haichaniki ovyo, na ukiikata vipande vyembamba ukavisokota kwa vidole, asumini inatoka utadhani inanukia.

Nyekundu ndiyo iliyonisikitisha. Krepu uhai wake ni ile mikunjo. Petali unaikata mikunjo ikiwa imesimama wima, kisha unaweka vidole gumba viwili katikati na kuivuta taratibu huku na huku. Mikunjo inafunguka pale kati tu, petali inafanya tumbo kama kijiko, na hapo ndipo waridi linapoumbika. Roli mbili zilinitii. Ya tatu ilikuwa imeshika unyevu, mikunjo imelala, kila petali ikabaki bapa. Tena rangi yake inachuja. Nilishika petali mikono ikiwa bado na maji ya udhu, vidole vikawa vyekundu kama nimetiwa hina, na tone likaangukia kitambaa cheupe cha jukwaa. Sabuni na ndimu havikulitoa. Ilibidi tulifunike kwa shada.

Nilirudi dukani na zile petali bapa mkononi. Kijana akaniambia, "Shangazi, karatasi ikishakatwa hairudi."

"Sikuja kudai pesa, mwanangu. Nimekuja uione."

Akaishika, akaivuta, akanyamaza. Kisha akanitolea roli nne nyingine, akaniacha nizijaribu pembeni moja moja kabla ya kulipa, na wateja wakisubiri. Nikapata moja nzima. Kwa hilo namshukuru, na kwa hilo nitarudi kwake. Nawe ukienda, omba ufunguliwe: shika ncha ya karatasi, ivute kwa kukatiza mikunjo. Ikinyumbuka, lipa.

Waya mwembamba wanaouza kwa ajili ya vikonyo siushauri kwa mtu anayekaa karibu na bahari. Wangu ulianza kutu kabla ya wiki mbili, na kutu inapenya kwenye karatasi. Mimi nilichomoa chelewa za ufagio wa nje. Haipindiki kama waya, lakini haina kutu na haikugharimu kitu. Petali usizigandishe kwa gundi ya maji, maana inalainisha krepu na kuirudisha bapa. Zifunge kwa uzi: tano ndogo ndani, saba kubwa nje, kila moja ikifunika pengo la mwenzake, kisha zungushia utepe wa krepu ya kijani ukishuka nao mpaka mwisho wa chelewa, ukiuvuta kidogo ili ushike.

Leo ni wiki ya tano. Mawaridi niliyoyaweka dirishani yamepauka kwa jua. Asumini ziko kidakani, kivulini, nyeupe vile vile.

Ile roli iliyolala sikuitupa. Jirani ana bogenvilia nyekundu iliyoinamia ukuta wetu, na nimeichunguza: hayo tunayoyaita maua ni majani matatu ya rangi, na ua lenyewe ni kale keupe kadogo katikati. Majani hayo ni membamba na bapa, hayataki tumbo. Nimeshakata 40, na keupe ka katikati natumia mabaki ya asumini.