Kambi ya utamaduni Rusinga: nendeni, ila msibebe nguo za kuogelea

Shule zilipofungwa Agosti, mimi na rafiki yangu tunayefundisha naye hapa Nakuru tuliapa kwamba hatushiki kalamu nyekundu. Tukalipia siku nne katika kambi ndogo ya utamaduni iliyo ufukweni kisiwani Rusinga, Ziwa Victoria. Jina lake sitalitaja. Nina la kuisifu na la kuilaumu, na wenyewe nimewaambia yote wakinitazama.

Tulilala Kisumu kwa dada yake, alfajiri tukapanda matatu ya Luanda Kotieno, na hapo tukaingia feri ya Mbita. Ipo barabara ya kuzungukia Homa Bay. Msiifuate kama mnataka kupumzika, maana likizo yetu ilianzia mle ferini, katikati ya upepo, kuku waliofungwa miguu na mama mmoja aliyekalia gunia lake la omena, yaani dagaa, asitake mazungumzo na mtu. Kutoka Mbita ni boda boda tu: mnavuka daraja, mko Rusinga.

Sasa bwawa. Picha nilizotumiwa kwenye simu zilionyesha bwawa la kuogelea lenye maji ya buluu. Tulikuta shimo kavu na mjusi ndani anaota jua. "Linatengenezwa, madam." Aliyepokea pesa zetu siku kumi kabla alilijua hilo, na rafiki yangu alikuwa amenunua vazi jipya la kuogelea. Tulibishana mpaka wakatupunguzia shilingi 1,500. Lakini kilichoniudhi zaidi ni kwamba wageni walikuwa wakielekezwa wakaoge ziwani, na hapakuwa na hata kibao kimoja cha kuwatahadharisha kuhusu kichocho. Sisi tuliosomea karibu na ziwa hili tunajua. Mgeni wa mbali atajuaje?

Ngoma ya usiku wa kwanza mnaweza kuikosa. Vijana wanacheza vizuri, ila wanatazama saa.

Kilichonifanya nisijutie hata senti ni asubuhi ya pili, chini ya mwembe, na mzee wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Kwenye ratiba aliandikiwa muda wa saa moja tu. Tulikaa naye hadi chakula cha mchana. Nyatiti ina nyuzi nane, na mzee alituambia siku hizi nyuzi zenyewe ni mishipi ya kuvulia samaki. Mpigaji huketi chini kabisa, kwenye kigoda kifupi, njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, ambayo anaigonga kwenye mti wa ala. Kwa hiyo mtu mmoja ni mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji. Nilijaribu. Vidole vikienda, mguu unasahau. Mguu ukikumbuka, vidole vinasimama. Mzee alicheka hadi akafuta macho.

Rafiki yangu alimuuliza kama ni kweli nyatiti ilikuwa ya wanaume tu. Akajibu kwamba kwa baba yake mwanamke asingeigusa. Halafu akatutajia Eriko Mukoyama, Mjapani anayejulikana kama Anyango, aliyejifunza hadi akaimba kwa Kijaluo. "Kama yeye ametoka Japani, nyinyi wa Nakuru mna kisingizio gani, nyithinda?" Wanangu, yaani. Mimi nina miaka arobaini na tatu.

Chakula hakina mjadala. Samaki wa ngege wa kuchemsha, mboga ya osuga iliyolala usiku kucha kwenye maziwa, ugali wa mtama mzito wa rangi ya udongo. Mpishi hakutuletea uma, nasi hatukuuliza.

Siku ya tatu tulikwenda kaburi la Tom Mboya, yule waziri wa Kenya, papo hapo kisiwani. Jengo lake limepewa umbo la risasi, na kwa mtu aliyepigwa risasi Nairobi mwaka 1969 akiwa na miaka 38, umbo hilo linakunyamazisha. Kila mwaka nafundisha habari za ndege alizosaidia kuzipanga, zilizopeleka wanafunzi wetu Marekani. Nitazifundisha tofauti muhula ujao.

Usiku tulikaa tu. Mwezi ulikuwa haujatoka, ndiyo hali wanayoitaka wavuvi wa omena kwa sababu dagaa hao hufuata taa, na giza likiingia ziwa lote liliwaka kama mji umehamia majini. Ukienda mwezi ukiwa mpevu, hutaziona taa hizo.

Tulilipa shilingi 6,500 kwa usiku, watu wawili, pamoja na chakula cha asubuhi na jioni. Mzee wa nyatiti hulipwa kando, na mpeni mkononi mwake. Kabla ya kutuma pesa, ombeni picha ya bwawa iliyopigwa siku hiyo hiyo.