Tahadhari: Muuza dawa ya viroboto anayepita majumbani Temeke

Ndugu zangu wenye mbwa na paka, naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja. Kuna kijana anayezunguka mitaa ya Temeke amevaa koti jeupe na kubeba bomba la kupulizia mgongoni, akiuza dawa ya viroboto. Ni tapeli.

Alipofika kwangu aliomba kitambaa cheupe, akakitandika chini ya mbwa wangu Popi, akampaka dawa mgongoni, kisha akachana manyoya taratibu hadi viroboto wakaanza kudondoka mmoja mmoja mbele ya macho yangu, wakirusharusha miguu. Nani asingeamini? Alizungumzia mayai yanayoanguka kwenye mazulia na nyufa za sakafu, maneno yaleyale niliyowahi kuambiwa na daktari wa mifugo, na kwa jinsi viroboto walivyotutesa nyumbani tangu Desemba, ningelipa chochote watoto wapate usingizi. Nikampa shilingi 60,000. Akapulizia vyumba vyote, akampaka na paka dawa ileile. "Hii haichagui mnyama, mama," aliniambia, huku akifunga chupa.

Jioni paka alianza kutetemeka mwili mzima na kutokwa na udenda hadi kifua kikalowa. Daktari alimwogesha kwa sabuni ya kuoshea vyombo, akamdunga sindano ya kutuliza degedege, akanieleza kwamba dalili hizo ni za pemethrini, sumu ya kuua wadudu ambayo mbwa huistahimili lakini mwili wa paka hushindwa kuivunja. Paka amepona, namshukuru Mungu, lakini viroboto wamerudi kwa fujo, kwa sababu waliokuwa bado ndani ya vifukofuko dawa ya kupulizia haiwafikii, nao huendelea kutoka kwa wiki kadhaa. Ahadi yake kwamba kupulizia mara moja tu kungetosha ilikuwa uongo mtupu.

Simu yake sasa haipatikani. Mtu huyu anastahili kufungwa, bomba lake litaifishwe, na kila aliyetozwa arudishiwe fedha yake, kwani nchi hii ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu inayosajili dawa kama hizo na haiwezekani mtu auze sumu mlangoni kama anayeuza karanga. Chupa yake ilikuwa ya maji ya kunywa, haina lebo. Risiti hakutoa, wala hakuuliza uzito wa mnyama. Mkimwona, mwiteni mwenyekiti wa serikali ya mtaa na polisi. Msimpige, maana nataka afike mbele ya hakimu akiwa mzima na aulizwe ile chupa ilikuwa na nini.